Kiingereza Alichokuja Nacho Tandi

Sisi tuliokulia Musonoi, mtaa wa wachimba shaba pale Kolwezi, Kongo, kabla simu haijaingia mfukoni mwa kila mtu, Kiingereza kilitufikia kwa kuchelewa, tena kimechoka na safari. Nyumbani tulisema Kiswahili chetu. Nkambo wangu, mama yake Mama, akikasirika alitugombeza kwa Kilunda, na sisi tulijibu kwa Kiswahili kwa sababu Kilunda chetu kilitosha kuelewa matusi tu. Shuleni ukivuka mlango ulikuwa umeingia katika Kifaransa, na aliyesahau akatoa neno la nyumbani alifagia darasa. Halafu tulipofika mwaka wa tatu wa sekondari, wakati vichwa vimekwisha kujaa, ndipo tukaambiwa kwamba iko lugha nyingine tena, na mtihani wake upo.

Vijana wa leo nikiwasimulia wananicheka. Wao wanapata Kiingereza kwenye simu, bure, wakiwa wamelala chali. Sisi tulikipata kwa Mwalimu Kazadi, mtu mrefu mwenye tai moja ya rangi ya majani makavu, aliyefika darasani akiwa amebeba chaki yake mwenyewe ndani ya kopo la vidonge. Kiingereza chake alijifunza kwa redio ya mawimbi mafupi, ile inayokuja na kuondoka kama mtu anayeongea huku akitafuna, na nadhani mikwaruzo ya redio ile iliingia pia katika matamshi yake. "Disi izi e pen," alisema, na sisi sote tuliitikia kwa nguvu mpaka njiwa wakaruka juu ya bati: "Disi izi e pen!" Kalamu yenyewe ilikuwa moja, ya kwake. Mchana mine, ule mgodi wa shaba, ilipolipuliwa, vioo vilitetemeka, akabaki na mkono juu, kinywa wazi, akingoja vumbi jekundu litulie juu ya madawati yetu, kisha akaendelea na neno lilelile alipoliachia.

Nakumbuka jinsi tulivyochanganyikiwa. Kifaransa nacho kina herufi zake za bure, lakini angalau tulikuwa tumezoeana nazo. Hii lugha mpya iliandika kitu kimoja na kusoma kingine bila aibu. Siku aliyotuandikia neno la kisu, *knife*, kijana mmoja wa nyuma akanyoosha kidole.

"Monsieur, hii K mbele inaenda wapi? Mbona hatuisikie?"

Mwalimu Kazadi alilitazama neno lake ubaoni kwa muda. "K iko," akasema. "Ni kama tata mu nyumba wakati mama anakasirika. Unamuona amekaa pale, lakini haseme kitu."

Darasa likaanguka kwa kicheko. Wakati wa mapumziko wasichana tulicheza nzango chini ya jua, tukirusha miguu na kupiga makofi, tukiimba yale maneno mapya bila kujua yana maana gani. Tulinunua mikate ya moto kwa Mama Odia, jirani yetu, aliyekaanga kwenye mbabula, jiko la makaa, karibu na ukuta wa shule. Mafuta yalitiririka mpaka kwenye kiwiko, na ukigusa daftari umekwisha. Madaftari yetu ya Kiingereza yote yalinukia mikate.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa nakijua Kiingereza mwanzoni mwa mvula ya mwaka ule, siku Tata, baba yangu, aliporudi kutoka Zambia na mtoto.

Tata alikuwa dereva wa lori. Alibeba shaba kwenda na unga na mafuta kurudi, na sisi watoto tuliitambua honi yake tangu kwenye kona ya barabara. Tulikimbia kama kawaida. Lakini siku ile alishuka upande wake, akazunguka mbele ya lori, akafungua mlango wa pili, akamteremsha msichana mdogo mwenye soksi nyeupe zilizovutwa mpaka magotini. Soksi nyeupe, Musonoi, wakati wa tope. Yule msichana alitutazama, akapiga goti kidogo, akagonganisha viganja vyake polepole, akasema: "Gudi afutanuni."

Mama alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi.

"Mama Nadège," Tata akasema, kwa maana Nadège ni mimi, "huyu ni mutoto yangu. Anaitwa Tandi. Mama yake amekufa kule Lusaka. Batu ya kwabo balisema batamulea, lakini nilimukuta analala chini mu jikoni ya batu. Sikuweza kumuacha."

Mama aliuliza neno moja tu. "Ana miaka ngapi?"

Tata akajibu huku akitazama viatu vyake. Mama akageuza macho, akamtazama mdogo wangu Serge, aliyekuwa rika moja na yule mtoto. Akamtazama muda mrefu. Kisha akaelekeza mwiko kwenye sufuria ya ugali, akaniambia: "Mupe mayi anawe mikono. Bukari iko tayari."

Hilo ndilo lilikuwa neno lake la mwisho kwa habari ile kwa siku nyingi. Tope la safari halijamtoka Tata miguuni, mwenye lori akamwita apakie tena. Aliondoka, akasema atarudi mapema. Mama hakumsindikiza barabarani. Akabaki na sisi wawili aliotuzaa yeye, na mmoja ambaye hata lugha yake hatukuwa nayo.

Jambo hili vijana wa leo hawalielewi. "Si mungeweka kwenye simu itafsiri?" Simu ipi? Mtoto yule alikuwa anasema Kiingereza, na Kinyanja cha Lusaka ambacho hakuna aliyekijua katika avenue yetu. Kifaransa hakuna. Kiswahili hakuna. Kinyanja hata hakukitoa; baadaye tulielewa kwamba mama yake alimfundisha kuwa ukivuka mpaka, watu wa ng'ambo unasema nao Kiingereza. Sasa katika nyumba yetu nzima mwenye Kiingereza alikuwa mimi.

"Weye unasoma Anglais," Mama akaniambia asubuhi, bila kumtazama mtoto. "Ongea naye."

Nilijitayarisha. Nikasimama mbele ya Tandi kama Mwalimu Kazadi anavyosimama, nikagusa mlango wetu. "Disi izi e doo."

Akanitazama kwa heshima kubwa. "Yesi," akasema.

"Disi izi e windo."

"Yesi."

Tukazunguka nyumba yote. Nilimwonyesha meza, kiti, paka, ndoo. Alikubali kila kitu kwa kuinamisha kichwa, kama mtu anayetambulishwa kwa wakubwa wa ukoo. Nilipomaliza vitu nikawa nimemaliza na Kiingereza. Ndipo yeye akafungua kinywa. Yalitoka maneno mengi, ya haraka, yenye kupanda na kushuka, na mwishoni sauti ilipanda juu ikabaki pale, kwa hiyo nikajua ni swali. Swali la nini, sijui. Nikamwambia, "Yesi." Uso wake ukaanguka. Nikasema, "No." Akaanza kulia.

Toka siku ile niliogopa Kiingereza kama mtu anavyoogopa mbwa akishagundua si wa kwao.

Tandi hakuwa mkaidi. Alifagia uwanja kabla hatujaamka. Alikula kilichowekwa. Lakini jioni, sisi tukicheza, alikaa kwenye jiwe karibu na robine, bomba letu la maji, akavuta soksi zake juu, akasema peke yake, tena na tena, maneno yaleyale. Nilimkaribia nikayashika kwa sikio, nikayarudia njia nzima nisije nikayaangusha: "Ai mis mai maza."

Mai maza nilijua, ni mama yangu. Lakini hiyo *mis*? Mwalimu alikuwa ametufundisha kwamba *Mis* ni msichana ambaye hajaolewa, kama vile Mademoiselle. Mimi, Mademoiselle, mama yangu. Haikukaa. Kesho yake nikamfuata Mwalimu Kazadi baada ya darasa nikamwuliza. Alifikiri, akafungua kamusi yake iliyokuwa imepoteza jalada.

"Ni kukosa," akasema. "Unatupa jiwe kwa embe, jiwe inapita pembeni. Umelikosa. Ni ile."

Nikarudi nyumbani na neno langu nikiwa na furaha kama mtu aliyeokota kitu cha thamani. Nikamkuta Mama anatwanga mihogo na Mama Odia amekaa naye. "Mama," nikasema, "nimejua kile Tandi anasemaka. Anasema alimukosa mama yake."

Mchi ukasimama. "Alimukosea?" Mama akauliza.

Na sisi kwetu, kukosa mtu na kumkosea mtu vinakaa nyumba moja. Nilijaribu kueleza habari ya jiwe na embe. Nikaharibu zaidi.

"Alimutupia mama yake jiwe?" Mama Odia akauliza.

"Apana. Ndiyo. Sijuwe. Monsieur alisema ni kama jiwe."

Mama Odia akashusha sauti, lakini si sana. "Mama Nadège, chunga. Mutoto mwenye anasema yeye mwenyewe alimukosea mama yake, na mama yake akafa... Mu nyumba yako iko batoto bengine."

Waliokulia kwetu wanajua maneno kama yale yanaweza kumfikisha wapi mtoto. Tumewaona watoto walioitwa wachawi wakalala nje sokoni kwa neno dogo kuliko hilo. Mama naye alijua. Akaanza tena kutwanga. "Odia, rudia kwako," akasema, "mikate yako inaungua." Lakini siku ile, kabla giza, alihamisha godoro la Serge akaliweka chumbani kwake. Tandi alilitazama godoro linapita. Hakuuliza kitu. Angemwuliza nani?

Baada ya hapo hali ya nyumba ikawa nzito. Mama alimpa mtoto chakula kama anayemlisha mgeni wa mtu mwingine. Mwishowe akaniita. "Tata yako akirudia, mutoto arudie naye Lusaka. Lakini sitaki batu baseme nilimufukuza. Nataka aseme yeye mwenyewe. Na nataka nijue alimufanyia nini mama yake. Weye Anglais yako haitoshe. Uniletee Monsieur."

Mwalimu Kazadi alikuja Jumapili baada ya misa, amevaa tai. Mama alimpa munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, ndani ya kikombe kikubwa cha enameli, wakaulizana habari za nyumbani. Mihogo ya Mama ilikuwa imeanikwa juu ya mabati uwanjani, maana jua lilikuwa limetoka baada ya siku nyingi. Tandi akaletwa, akapiga goti, akagonga viganja. Mwalimu akakohoa, akanyoosha mgongo, akamsemesha.

Mtoto akanigeukia mimi.

Mwalimu akarudia, polepole, kwa sauti ya darasani. Tandi akajibu kwa adabu, haraka, zile sauti zake zikipanda na kushuka. Mwalimu akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai, akaivaa tena kana kwamba tatizo lilikuwa la macho. Nilitamani ardhi inimeze kwa niaba yake. Lakini Mwalimu Kazadi hakujifanya.

"Mama," akasema, "Anglais yangu na Anglais ya huyu mutoto ni bandugu ya tata moya. Lakini habakukomalia mu nyumba moya. Ngoja tuandike."

Akaokota kijiti, akachuchumaa na suruali yake ya kanisani, akasawazisha udongo mwekundu kwa kiganja. Akaandika. Tandi akainama, akasoma, na kwa mara ya kwanza tangu alipofika kwetu nikaona uso wake unafunguka. Alielewa! Zile herufi zote ambazo hatukujua zinaenda wapi, yeye alijua zinaenda wapi. Akanyoosha mkono aombe kijiti.

"Muulize alimukosea nini mama yake," Mama akasema.

Mwalimu akaandika. Tandi akasoma, akakunja uso, akasoma tena. Akatikisa kichwa. Kisha akaandika chini yake, kwa mwandiko mzuri wa shule, mstari mmoja: *I miss my mother.*

"Ni ile!" nikasema. "Ni ile anasemaka kila siku!"

Mwalimu aliutazama mstari ule. Midomo yake ikawa inatembea bila sauti. Niliona anautoa kwenye Kiingereza, anaupitisha kwenye Kifaransa, anauleta kwetu, na mahali fulani njiani akasimama. Akaweka mkono kichwani.

"Nadège, si ile ya jiwe," akasema. "Ni ile ya Kifaransa, *ma mère me manque*." Akamgeukia Mama, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Mama, hakumukosea mutu. Mutoto anasema moyo yake inamulilia mama yake. Ni ile tu."

"Ni ile tu?"

"Ni ile tu, Mama."

"Siku yote hii, pale ku robine, ni ile tu alikuwa anasema?"

Mama akatafuta kitu cha kufanya na mikono yake, akakamata kikombe cha Mwalimu ambacho hakikuwa kitupu, akakijaza mpaka munkoyo ukamwagika. Halafu akasema, bila kumtazama mtu: "Basi muulize. Muulize kama hataki kubakia hapa na siye."

Mwalimu Kazadi alikuwa mtu mwaminifu. Aliandika kama alivyoambiwa, neno kwa neno: hutaki kubaki hapa nasi? Tandi akasoma. Akafikiri. Akaandika herufi mbili: *No.*

Mama akauliza, "Anasema nini?"

"Anasema hapana," nikajibu.

"Hapana anataka, ao hapana hataki?"

Tukamtazama Mwalimu. Jasho lilikuwa limemtoka. "Kwa sheria ya Anglais," akaanza, "hiyi *no* ni kusema hataki. Lakini kwetu, ukimuuliza mutu 'hautaki?' naye akisema 'hapana', si anataka? Anakatala ile hautaki yako. Sasa sijuwe huyu mutoto anajibu kama Bangereza ao kama batu ya kwetu. Bafaransa bana neno yao ya kusaidia hapo. Bangereza habana."

"Monsieur," Mama akasema, "mutoto anabakia ao anaenda?"

"Ngoja niulize mara ingine, kwa njia ingine." Akainama, akaanza kusawazisha udongo upya.

Tone la kwanza likaanguka katikati ya lile neno. Kubwa, zito, likaacha shimo. Tandi akainua kichwa, akatazama mbingu iliyokuwa imegeuka nyeusi nyuma yetu bila sisi kuona.

"Mvula!" akapiga kelele. "Mvula! Mama, mvula!"

Mama akaruka. Mvula! Neno letu kabisa, kama tunavyolisema sisi Musonoi, kutoka kinywani mwa mtoto ambaye hatukuwahi kusikia kwake neno hata moja la watu weusi. Kabla hatujashangaa vya kutosha Tandi alikuwa amekwisha kufika kwenye mabati, anakusanya mihogo kwenye sketi yake, soksi zake zimeingia kwenye tope. Mama akamfuata. "Mvula, ee! Leta beseni! Si ile, ile kubwa! Weka mu nyumba, mu nyumba!" Na Tandi akaitikia, "Nyumba!" akakimbia nayo ndani, kwa maana huko kwao Lusaka, kwa Kinyanja, mvula ni mvula na nyumba ni nyumba vilevile. Mwalimu Kazadi alibeba bati zima kichwani, tai imelowa. Serge alikuwa anacheka hovyo. Tulipojazana wote mlangoni, tukihema, uwanja ulikuwa ziwa, na swali la Mwalimu na jibu la mtoto vimekwisha kwenda na maji.

Alimwita nani, aliposema "Mama"? Mama yangu? Yule wa kwake aliyelala Lusaka? Au ni kelele tu, kama sisi sote tunavyomwita mama tukishtuka? Nimejiuliza miaka mingi. Mama yangu hakujiuliza. Alichukua kitenge kikavu, akaanza kumfuta Tandi kichwa, kwa nguvu, kama alivyotufuta sisi, mpaka shingo ikawa inayumba. Siku ileile godoro la Serge lilirudi mahali pake.

Tata aliporudi, Mama alimngoja mlangoni. "Mutoto anabakia," akamwambia. "Weye, tutaongea." Waliongea siku nyingi, mlango umefungwa, na kwa mazungumzo yale hakuna aliyeniita nitafsiri. Alikonda Tata, mwaka ule.

Ningependa kusema kwamba Tandi alinifundisha Kiingereza. Haikuwa hivyo. Kabla ya mvula kwisha alikuwa anasema Kiswahili cha Musonoi chote, pamoja na yale maneno ambayo Mama alitukataza. Kwenye nzango alitushinda. Na kadiri Kiswahili kilivyoingia, Kiingereza kilitoka, hatukuona kinatokea mlango gani. Kwanza kikatoka kwenye michezo. Halafu kwenye kuhesabu. Halafu kwenye kulia. Miaka ikapita, naye akafika mwaka wa tatu wa sekondari, akaketi kwenye dawati darasani kwa Mwalimu Kazadi, akaanza na kila mtu, "Disi izi e pen," kwa matamshi yaleyale ya redio. Kwenye mtihani akaanguka. Mwalimu alimsimamisha, si kwa hasira.

"Tandi, ile Anglais yako iliendaka wapi?"

"Sijuwe, Monsieur," akasema. "Ilikuwa hapa."

Kisha siku moja akaja mama mkubwa wake, dada wa marehemu mama yake, kutoka Lusaka. Alipanda basi mpaka mpakani, akaulizauliza njia yote mpaka Musonoi. Wakati ule mimi nilikuwa nasomea ualimu wa Kiingereza Lubumbashi, nilikuwa likizo. Yule mama aliingia, akamshika Tandi uso kwa mikono yote miwili, akasema naye Kinyanja, akasema naye Kiingereza, machozi yanamtiririka. Na Tandi, huku uso wake uko ndani ya mikono ya damu yake mwenyewe, akageuza macho kunitafuta mimi, *ya* wake, dada yake mkubwa.

"Ya Nadège, anasema nini?"

"Anasema una uso wa mama yako," nikamwambia. "Anasema nyumba yake imepata nafasi sasa. Alikuya kukuchukua."

Yule mama mkubwa akamwachia uso. Alimtazama Tandi, akanitazama, akauliza kwa Kiingereza nani aliyemnyang'anya mtoto lugha yake. Mama aliponitaka nitafsiri, nilitafsiri. Sikulainisha.

"Mwambie hakuna aliyemunyang'anya," Mama akasema. "Mwambie alikuya nayo, na siye hatukukuwa na mutu wa kuongea naye. Mwambie tulijaribu. Mwambie tuliita hata Monsieur."

Nilisema yote hayo. Kisha Tandi naye akasema, haraka, kwa Kiswahili chetu: kwamba atakwenda Lusaka kuona kaburi, na atakaa huko likizo nzima, na atapika kwa mama mkubwa wake na kumfulia, na baadaye atarudi kwao. Aliposema "kwetu" alionyesha chini, kwenye sakafu yetu ya saruji. Yule mama hakungoja nitafsiri mkono ule. Akakaa kitako, akavua viatu, na Mama akaleta bukari. Walikula sahani moja, hawa wawili, bila neno, kila mmoja akimsukumia mwenzake kipande kizuri cha samaki.

Tulipokuwa watu wazima nilimwuliza Tandi juu ya ile *No* aliyoiandika chini. Alicheka. "Mi sikumbuke, ya Nadège. Nilikuwa mutoto. Labda hata sikuelewa ulizo." Basi. Habari iliyotushika roho wote, mwenyewe hana.

Siku hizi ukipita Kolwezi, Kiingereza kimejaa kama mawe. Kiko kwenye mageti ya kampuni, kwenye fulana za vijana wachimbaji waliotoka kila kona ya Kongo, kwenye mabango yanayoahidi kwamba utakisema kabla ya Noeli. Wenye moto, wale wa pikipiki za abiria, wanakuita "sista". Nami nakifundisha, nimekuwa mwalimu, na wanafunzi wangu wanajua maneno ambayo Mwalimu Kazadi, Mungu ampumzishe, hakuyasikia maisha yake yote. Neno wasilolijua wanalibonyeza, linatoka, wanaendelea. Hawalibebi njia nzima kwa kuogopa kuliangusha. Hawamwiti mtu Jumapili aje na tai yake. Ni vizuri, nadhani. Kama simu ile ingekuwepo, Tandi asingelia jioni nyingi vile pale robine. Lakini pia naona watoto wanaoishi nyumba moja, kila mmoja na simu yake, lugha zote za dunia mkononi, na hakuna anayemwuliza mwenzake anasema nini. Sijui nini ni bora. Nikifikiri sana nachanganyikiwa.

Wiki iliyopita nilikuwa kwa Tandi. Ana duka la vitenge sasa, na binti aliye rika alilokuwa nalo yeye alipoteremka kwenye lori. Mtoto anasema Kiingereza cha kwenye simu, cha puani, huku anazungusha shingo. Alimwambia mama yake kitu, mama yake hakuelewa, mtoto akapiga ulimi kwa kuchoka.

"Mama, weye kabisa haujuwe Anglais. Haujawahi kuijua."

Nilifungua kinywa. Tandi akanikonyeza ninyamaze.

"Ni kweli, mwanangu," akasema. "Kuya, ukae. Unifundishe."

Mtoto akavuta kiti, akakaa wima kama mwalimu. Nami nikainuka, nikawaachia meza.